Nilipomsalimia Badala ya Kumuuliza

Salma, kiti ulichorithi kina gurudumu moja bovu, na kama mpaka leo hujaanguka, basi umeshajua kukikalia. Egemea kushoto. Nimekaa nacho miaka mingi na hakijawahi kutengenezwa, ingawa fomu ya kuomba kitengenezwe nimeijaza mara zisizo na hesabu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa kadi, maua na birika la umeme, nikawashukuru, japokuwa maua hunipigisha chafya na mabirika ninayo mengine mawili nyumbani. Kisha mkaniomba niandike mambo ya kazi yale yasiyomo kwenye mafaili. Nimekubali kwa sharti langu: sitaandika vyeo, maana sikuwa navyo, wala mshahara, maana hiyo ni habari fupi mno. Kazi yenyewe mnaifanya kila siku, ya kusimama na familia za wakimbizi zinapotakiwa kuondolewa nchini. Nitawaambia tu nilivyoiingia. Niliingia kwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu.

Nilikuja London kutoka Tanga kumfuata marehemu mume wangu, Bakari, aliyekuwa akipika katika hospitali moja. Kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni, kimenyooka lakini kimekauka. Nikasikia kuna kampuni inatafuta wakalimani wa Kiswahili. Mtihani wao ulikuwa hivi: bibi mmoja alinipigia simu, akanisomea maelezo ya dawa ya kikohozi, nikayatafsiri, akasema "Lovely." Kiswahili chenyewe hakujua hata neno. Wiki iliyofuata nikawa mkalimani.

Katika semina yetu ya asubuhi moja, mwalimu alituambia mkalimani ni bomba. Maji yanaingia huku, yanatokea kule, bomba halitii chumvi wala sukari. Nililipenda sana neno hilo. Nilikuwa mgeni katika nchi ambayo hata kununua tiketi ya basi kulinitoa jasho, na hapa napewa kazi ambayo sitakiwi kuwa na maoni yoyote. Nilijiona nimefika.

Ndipo nikaitwa kwenye mahojiano ya Furaha, aliyekuwa ameomba hifadhi ya ukimbizi.

Furaha alikuwa mwanamke wa Uvira, Kongo, umri wake umekaribiana na wangu. Alikuja na binti yake wa miaka sita, Neema, aliyeachwa chumba cha nje na vitu vya kuchezea. Chumba chetu hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na afisa kijana wa uhamiaji, mwenye adabu na mafua makali. Boksi lile alilitumia yeye zaidi kuliko mtu yeyote. Furaha alikaa na mikono mapajani, amejifunga kitenge cha kijani juu ya koti, na tangu tulipoingia alikuwa hajainua macho.

Afisa alimaliza maswali ya majina na tarehe. Kisha akauliza kama watu wake waliobaki kule kwao wako salama. Lilikuwa swali kamili, la kuandikiwa jibu. Mimi nikamgeukia Furaha, nikasema:

"Habari za nyumbani?"

Mwanamke akainua uso. Ni kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akatabasamu, akasema, "Muzuri, dada. Bote ni bazima, tunashukuru Mungu."

Nikamwambia afisa kwa Kiingereza kwamba wote ni wazima, wanamshukuru Mungu. Akapenga kamasi, akaandika.

Baada ya hapo tukaenda saa tatu nzima. Furaha akaeleza jinsi watu wenye silaha walivyoingia nyumbani kwao, wakamchukua mumewe na kaka zake wawili, wakatoka nao, na hakuna aliyewaona tena. Jinsi mama yake alivyokimbilia upande asioujua. Jinsi yeye mwenyewe alivyotafutwa kwa jina. Nilitafsiri yote bila kukwama, hata aliponyamaza nilinyamaza naye. Nilipotoka nilijisifu moyoni. Bomba safi kabisa.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuta tangazo kwenye mlango wa duka la mawigi pale Tottenham: wanatakiwa watu wa lugha mbalimbali, Jumanne, ghorofa ya juu. Nikapanda ngazi zile mnazozijua, ambazo watu wawili wakikutana katikati lazima mmoja arudi nyuma. Nilitegemea kunusa ofisi. Nikanusa wali.

Mpishi wa wali huo ndiye aliyekuwa mwenye ofisi. Aliitwa Sophea, Mkambodia, mfupi, nywele zimekatwa kama za mwanafunzi wa bweni, miwani imening'inizwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wenzake walimwita Bong Sophea, na bong kwao ni dada mkubwa, basi nami nikamwita hivyo mpaka mwisho. Ofisi aliianzisha yeye na majirani wachache wa Kikambodia, familia zilizokuwa zikipokea barua za kutakiwa kurudi walikotoka. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi. Alikuwa akisema ngazi hazimuulizi mtu anatoka wapi.

Ile sufuria ya umeme ya kupikia wali, iliyoko kando ya mashine ya kutoa kopi, ndiyo hiyo hiyo. Usiniambie mmeitupa.

Sophea ndiye aliyenifundisha kwamba bahasha ni muhimu kuliko barua, kwa sababu muhuri wa posta unaonyesha siku iliyotumwa, na siku moja inaweza kumwokoa mtu. Alinifundisha kutoboa karatasi kwa kuzipanga kwanza mezani, gonga, gonga, ndipo utoboe, la sivyo faili litakuwa na masikio. Alinifundisha pia kutomuuliza mtu yeyote hali yake. Hilo lilinishangaza. Mtu akipanda ngazi, Sophea alimuuliza tu kama amekula. Wote walijibu wamekula. Naye hakubishana, alipakua, akaweka sahani mbele ya mtu, akakaa. Mtu akishakula nusu ya sahani anamuuliza, "Leo umeamka saa ngapi? Halafu ukafanya nini?" Na mtu anaanza kusema. Mimi niliona ni vituko vya kwao. Niliwaza, huyu mama ana wakati wa kupoteza.

Jumanne yangu ya tatu, Furaha akatokea mlangoni na Neema, ameshika bahasha.

"Dada yangu wa interview!" akapaza sauti, akanikumbatia hapo hapo, koti lake limelowa mvua. "Mungu ni mwema. Ni wewe!"

Tukaketi. Barua ilikuwa ya kukataliwa, hilo lilionekana kwa unene wake tu. Wanaokubaliwa huandikiwa ukurasa mmoja. Sophea akasoma kwa Kiingereza, polepole, nami nikatafsiri. Aya ya kwanza, ya pili, ya tano. Tukafika pale palipoandikwa kwamba Furaha mwenyewe, kwenye mahojiano, alisema watu wake wote kule Uvira ni wazima. Kwa hiyo haiaminiki kwamba familia hiyo inatafutwa na mtu. Kwa hiyo yeye na mtoto wanaweza kurudi.

Sikutafsiri. Sophea akadhani sikusikia, akarudia. Ilibidi nimtafsirie Furaha sentensi iliyotoka kinywani mwangu mimi.

"Mimi nilisema hivyo?" Furaha akauliza. "Lini?" Akafanya kama anacheka, kisha akanishika mkono. "Dada, si ulikuwepo? Baambie. Baambie sikusema."

Na mimi, Mwanaidi binti Salehe, mwalimu wa watoto, bomba safi, nilisema, "Tutaangalia."

Siku za kukata rufaa zilikuwa chache. Asipokata, au akikata akashindwa, angepandishwa ndege na mtoto wake kurudishwa kwa watu wale wale waliomchukua mumewe. Hayo niliyajua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, kwa sababu nilikuwa nimeyatafsiri.

Kwenye basi la kurudi nyumbani nilijitetea njia nzima. Niliulizwa, nikauliza. Nilijibiwa, nikajibu. Kosa la bomba liko wapi? Nilifika nyumbani nimeshinda kesi. Bakari alikuwa amepika mchuzi wa samaki, siku yake ya mapumziko. Akaniuliza akiwa bado amenipa mgongo jikoni, "Habari za kazi?"

"Nzuri," nikasema.

Nikakaa. Kisha nikasikia nilichosema. Kazi ilikuwa mbaya kuliko siku zote, nilikuwa nataka kulia tangu saa nane, na nimesema nzuri bila hata kufikiri, kama mlango unavyojifunga. Nani kwetu anajibu vingine? Kwenye msiba wa baba yangu watu waliingia uani wakiuliza habari za hapa, nasi na macho mekundu tukajibu nzuri. Salamu kwanza, ndipo mtu asogee, ashushe sauti, aseme, nzuri, ila. Baada ya ile "ila" ndipo habari yenyewe inapoanza. Mimi sikumuuliza Furaha kitu. Nilimsalimia. Akanijibu salamu kwa adabu, kama alivyolelewa, na hakuna aliyemsubiri afike kwenye "ila" yake.

Nilimweleza Bakari yote. Akasikiliza, akanipakulia, akasema, "Kosa moja haliachi mke." Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini mke hakuwa mimi hapo. Aliyekuwa anaachwa ni Furaha.

Asubuhi yake nilipanda zile ngazi kabla hata duka la mawigi halijafunguliwa. Nikamwambia Sophea bila kukaa. Nilitegemea anifukuze, na nadhani ningeshukuru. Akachukua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya sweta.

"Kwetu," akasema, "watu wakikutana huulizana, umeshakula wali? Jibu ni nimeshakula. Hata miaka ile ya njaa, tulipokuwa tunakula majani, tulijibu nimeshakula."

Kisha akanyoosha kidole juu ya kabati. Lile faili la rangi ya majani makavu, Salma, ambalo unaniuliza kila mwaka kwa nini haliendi ghalani. Akanieleza ni la nani. Ni la familia ya kwanza aliyowahi kuifanyia ukalimani, mama wa Kikambodia na wanawe na bibi yao. Mama yule alieleza kifo cha watoto wake wawili huku anatabasamu. Kwao mtu humtabasamia mgeni asimtwike uchungu wake. Afisa akaandika kwamba mwombaji alikuwa anatabasamu, na barua ikasema mtu aliyefiwa kweli hatabasamu hivyo.

"Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani," Sophea akasema. "Niliona tabasamu, nikajua maana yake. Nikafikiri, tabasamu halitafsiriwi. Nikanyamaza. Walirudishwa wote, oun, na bibi yao."

Oun ni mdogo wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Akaniambia niandike maelezo yangu kwa wakili, nitie sahihi, niwe tayari kuyasema mbele ya jaji. Nikamwambia kampuni yangu itanifuta. Kanuni zilikuwa wazi, mkalimani hatoi ushahidi juu ya kazi aliyoifanya.

"Ndiyo, watakufuta," akasema. Hakuongeza neno la kunifariji. "Lakini kabla ya wakili, kamwambie mwenyewe. Si mimi uliyenikosea."

Furaha alikaa Barking, chumba kimoja katika nyumba ya watu wengi, jiko la pamoja. Alikataa kusikia chochote kabla sijanywa chai. Nilikunywa, nikaungua ulimi, nikamwambia. Nikamweleza nilivyoulizwa na afisa na nilivyomuuliza yeye, na kwamba vile vitu viwili havikuwa kitu kimoja.

Aliweka kikombe chake chini. Akasema, "Lakini dada, wewe ulinisalimia. Ulitaka nikujibu nini?"

"Najua."

"Siku ile," akasema, "toka asubuhi hakuna mutu aliniongelesha kama mutu. Nilisimama pale, nikakaa huku, nikapigwa picha. Halafu wewe ukasema habari za nyumbani. Nikasema moyoni, kumbe hata huku kuko batu. Hiyo ndiyo kitu moja muzuri ya siku ile. Na hiyo ndiyo wanataka kunirudisha nayo?"

Hapo alilia, na alinikasirikia. Alisimama, akafungua mlango wa chumba kana kwamba anataka nitoke, kisha akaufunga tena. Mimi sikuomba msamaha mara ya pili. Kuna radhi ambazo ukizirudia unamtwisha mwenzio kazi ya kukubembeleza. Nilimwambia nitakwenda kusema mahakamani, nikaaga. Mlangoni akaniuliza, kwa sauti kavu, kama nitafika salama maana mvua ilikuwa inanyesha. Ndiyo malezi hayo. Hata akiwa na hasira nawe atakuuliza habari ya mvua.

Nilishika kalamu siku tatu kuandika kurasa mbili. Wakili wetu, bibi mmoja aliyekula biskuti kama anazilipiza kisasi, alinifutia kila mahali nilipojitukana. "Jaji hataki majuto," akasema. "Anataka kujua ilivyokuwa."

Kesi ilisikilizwa katika chumba kidogo, si kama mahakama za kwenye filamu. Furaha alivaa kitenge kile kile cha kijani. Nilipoitwa, wakili wa upande wa pili, mtu mpole wa sauti, aliniuliza kama nilikuwa nadai kwamba watu wa Afrika Mashariki wote husema uongo wakiulizwa hali.

"Si uongo," nikasema. "Ni adabu. Ukweli unakuja baada ya salamu. Siku ile tulichukua salamu, tukaacha ukweli."

"Lakini swali lilikuwa wazi."

"La afisa lilikuwa wazi. Langu halikuwa swali."

Akauliza jaji atajuaje kwamba sikutunga haya kumsaidia rafiki. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, na wakili wetu alikuwa anatazama karatasi zake. Nikamgeukia jaji, ambaye mpaka hapo alikuwa akiandika tu.

"Mheshimiwa, leo asubuhi mlinzi wa mlangoni ameniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, asante. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimetapika nyumbani mara mbili. Lakini hakuwa ananiuliza, na mimi nilijua haniulizi. Kama angeandika jibu langu kwenye daftari lake, lingekuwa ushahidi?"

Jaji akaacha kuandika, akanitazama. Hakutabasamu, na ningependa kuwaongopea kwamba kulikuwa na minong'ono chumbani. Hakukuwa na mtu wa kunong'ona. Aliandika mstari mmoja mrefu, akasema naweza kurudi kwenye kiti changu.

Kisha tukasubiri. Kusubiri ndiko kazi yenyewe, nyinyi mnajua. Kila wiki mbili Furaha alitakiwa kwenda kutia sahihi kwenye ofisi ya uhamiaji, na kila mara hakujua kama atatoka au atazuiliwa humo humo. Nilikwenda naye. Nilisimama nje na chupa ya chai, karatasi yenye namba ya wakili, na namba ya shule ya Neema, kwa sababu asipotoka, mimi ndiye ningekwenda kumchukua mtoto. Hatukuongea sana siku za kwanza. Alikuwa bado ananijibu kwa neno moja. Mara ya nne au ya tano alitoka, akachukua kikombe mkononi mwangu bila kuuliza, akanywa chote. Nikajua tumepatana.

Bahasha ilipofika aliileta ofisini bila kuifungua. Ilikuwa nyembamba, lakini sote watatu tuliogopa kusema hivyo. Sophea akaichukua, akaiweka juu ya mashine ya kopi.

"Kwanza tule," akasema.

Nani angekula? Mimi nilikuwa nahesabu punje. Furaha alishika kijiko kama mtu aliyeshikishwa. Sophea peke yake alimaliza sahani yake, akasukutua mdomo, akavaa miwani, akafungua. Akasoma kimya kwanza, jambo ambalo sijawahi kumsamehe. Halafu akanipa mimi, nitafsiri.

Nilimwambia Furaha rufaa yake imekubaliwa. Jaji ameamini alichosema juu ya watu wake. Yeye na Neema watabaki. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniambia tena. Mara ya tatu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza, na sahani yake ya wali ikawa inapata machozi, na Sophea aliyejifanya jiwe siku zote alikuwa anafungua na kufunga droo akitafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Wiki hiyo hiyo nikapata barua yangu. Kampuni ilinishukuru kwa huduma na kunijulisha kwamba jina langu limeondolewa kwenye orodha. Ukurasa mmoja. Nilipomwonyesha Sophea akasema meza ya dirishani ni yangu kuanzia Jumatatu, ila hita ya upande ule haifanyi kazi. Mpaka leo haifanyi.

Miaka iliyofuata mnaijua, mingine mlikuwemo. Tulishinda kesi, tukashindwa kesi. Kuna watoto niliowasindikiza shuleni ambao sijui wako wapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wazee, lakini kwetu sisi aliyeficha maradhi kwa adabu, karatasi humuumbua, na kazi yetu ni kufika kabla ya karatasi. Ndiyo sababu nilikuwa nawakemea mkimpokea mtu kwa "habari gani". Mlinicheka, mkasema Bi Mwanaidi amekosa adabu kwa uzee. Msimuulize mtu hali yake kwa salamu. Mpeni sahani, mkae.

Bong Sophea alipofariki nilirudi ofisini kutoka mazikoni, nikapika wali kwenye sufuria yake, nikaula peke yangu nimesimama. Namkumbuka kila siku. Nimekaa na faili lile la juu ya kabati likinitazama mgongoni miaka yote hiyo, na sasa linakutazama wewe. Usilipeleke ghalani.

Jambo la mwisho. Jumanne ya kwanza baada ya kustaafu, Furaha alikuja kwangu kutoka Barking. Siku hizi anatunza wazee katika makao yao, na wazee wenyewe wanamwogopa. Alikuja na Neema, mwanamke mzima sasa, anayeelewa kila tunalosema na kulijibu kwa Kiingereza. Walibeba sufuria iliyofungwa kwa taulo.

"Habari za kustaafu, dada?" Furaha akauliza akivua viatu.

"Nzuri," nikasema. "Tunamshukuru Mungu. Nimepumzika."

Neema akamtazama mama yake. Furaha akaenda jikoni kama kwake, akatoa sahani, akapakua wali na maharage, akaniwekea mbele. Nikamwambia nimeshakula. Hakubishana. Akavuta kiti, akakaa, akasubiri mpaka nikafika nusu.

"Sikukusalimia, nimekuuliza," akasema. "Leo umeamka saa ngapi? Halafu ukafanya nini?"

Basi, nikamwambia. Niliamka saa kumi na moja, nikavaa nguo za kazi, nikapanda basi langu. Nikashuka kituo changu, nikasimama upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la mawigi, kwenye baridi, mpaka nilipoona umewasha taa, Salma. Kisha nikarudi nyumbani, nikakaa na koti langu, na yeye Furaha ndiye mtu wa kwanza niliyesema naye siku ile.

Furaha hakusema pole. Aliniongezea wali.